Taya la Phanice

Siku ya soko, Voi haina pa kuweka mguu. Nyanya za Bura zimerundikwa hadi barabarani, wauza mitumba wanashindana kwa koo, na moshi wa mahindi unamfuata kila apitaye. Katikati ya vurumai hiyo alisimama Phanice Muhonja, amevaa gauni la kitenge cha buluu alilojishonea mwenyewe, mikono ya gauni imefura mabegani, kiuno kimebanwa vizuri. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma taratibu, upande mmoja tu wa mdomo.

"Madam, samahani. Hiyo sauti imetoka kwako?"

Phanice akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya kijivu iliyofuliwa hadi ikapauka, mkononi mfuko wenye vyuma ndani. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye betri dhaifu.

"Sauti gani?"

"Tak. Ukitafuna. Upande wa kulia."

Wanaume walikuwa wamemsifu Phanice macho, wakamsifu mwendo, mmoja hata akamsifu visigino. Wa taya hakuwahi kumpata. Angemkasirikia, lakini uso wa kijana ulikuwa na hamu ya kujua tu, haukuwa na ubaya.

"Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi wa pampu za maji. Naitwa Derrick, natoka Taveta. Nimekuja kununua beringi. Nikisikia chuma inalia, lazima nijue inalilia nini."

"Mimi si chuma."

"Hiyo hata kipofu ameona."

Phanice akacheka, taya likalia tena, tak, na wote wawili wakalisikia. Kabla hindi halijaisha Derrick alikuwa na namba yake ya simu.

Hapo ndipo zilipoanza simu. Phanice na rafiki yake Sheila walikuwa na kibanda cha ushonaji nyuma ya soko, na kazi yao kubwa ilikuwa sare za shule. Fundi wa nguo hana mkono wa ziada. Simu ilibanwa kati ya bega na taya, pini zikabanwa kati ya meno, na uzi ulikatwa kwa meno hayohayo.

"Umekula, mpenzi?" Derrick aliuliza akiwa mashambani, nyuma yake pampu ikinguruma.

"Nimekula."

"Mbona unaongea kama mtu amefungwa mdomo?"

"Niko na pini kinywani."

"Zitoe basi, uniambie unanipenda."

"Nikizitoa hii sketi itaenda upande."

"Basi niambie na pini."

Akamwambia na pini. Sheila alimrushia kipande cha kitambaa na kusema kama mapenzi ni hivyo, yeye heri abaki na cherehani yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Phanice hakumwambia Derrick, na lilikuwa likimla moyo. Kila asubuhi aliamka kichwa kimembana kama kilichofungwa kamba. Sikio la kulia lilimuuma, akatumia dawa ya matone chupa baada ya chupa. Aling'olewa gego, kisha la pili, na maumivu yakabaki palepale. Na usingizini alikuwa anasaga meno. Alijua kwa sababu aliwahi kuwa na mchumba, Hillary, wakakaa pamoja miezi mitatu. Hillary alihamia sebuleni, kisha akahamia kwa binamu yake, kisha hakurudi. Alichowaachia majirani ni maneno kwamba yule msichana hulala akitafuna mawe. Tangu siku hiyo Phanice aliapa hatalala tena mahali ambapo mtu anaweza kumsikia. Sasa Derrick alikuwa anataka ndoa, na ni ndoa gani ya watu wasiolala nyumba moja?

Mwezi wa nne Derrick alimpeleka Taveta kumwona mama yake, Mama Penina. Alipokewa kwa ndizi za nyama na maswali mengi, na jioni mama akamwambia mwanawe, mbele ya Phanice bila kuficha, "Huyu ni mtu. Usinicheleweshe."

"Mwezi ujao nilete wazee wetu kwenu?" Derrick alimnong'oneza.

"Nitafikiria," Phanice akajibu. Moyoni alitaka kusema ndiyo mara kumi.

Alilazwa chumba kimoja na Mama Penina, na hakufumba jicho hadi jogoo wakawika. Kesho yake walirudi na Hudson, rafiki ya Derrick, kwa pikapu iliyojaa ndizi. Jua lilikuwa kali, dirisha liko wazi, na mwili una haki zake. Kabla ya Maktau, Phanice alikuwa amelala fofofo.

Aliamshwa na kimya. Gari limesimama kando ya barabara, injini imezimwa, boneti imefunguliwa. Derrick haonekani, kilichoonekana ni viatu vyake vikichomoza chini ya gari. Hudson alikuwa ameshika mlango wa dereva, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Derrick! Toka huko chini, bro! Gari haina shida! Nimezima injini na bado inasaga! Ni dem wako!"

Derrick akachomoza, vumbi usoni, kipande cha waya mkononi. Alimtazama Phanice, akatazama gari, akatazama waya ule. Kisha naye akacheka.

Phanice aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Hakulia. Alisema tu, "Twende," na hadi Voi hakusema lingine, ijapokuwa Derrick aliomba msamaha Bura nzima na Mwatate nzima.

Simu zikaja, hakushika. Ujumbe ukaja, hakusoma. Siku ya nne Hudson alifika kibandani, safari hii bila kucheka, akaacha bahasha. Ndani mlikuwa na vidonge na karatasi: "Mama amesema kusaga meno ni minyoo. Meza zote mara moja. Nakupenda. D."

"Minyoo!" Phanice akavitupa vidonge sakafuni. "Mimi ni mtoto wa nasari?"

Sheila aliviokota, akasoma jina kwenye pakiti. "Si hii ndiyo ile unamezanga kila shule zikifungwa?"

"Ndiyo hiyo. Hata mama yangu aliniambia ni minyoo."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nikiwa darasa la tano."

"Na bado unasaga?"

"Bado."

"Sasa hiyo ni minyoo gani isiyokufa?"

Phanice alikuwa amejiandaa kuendelea na hasira, lakini swali lile lilimkaa kichwani, na yeye tangu utotoni hakuwa mtu wa kuacha swali lijilalie. Alishona mfuko wa shati mara mbili kwa kulifikiria. Kesho yake alifunga kazi mapema, akaenda kumwona daktari wa meno.

Daktari Katuku, mama wa makamo mwenye vidole vifupi, hakuanza na meno. Aliweka vidole mbele ya masikio ya Phanice.

"Fungua pole pole. Funga. Tena."

Tak.

"Umeona unavyofungua? Kidevu kinaenda kulia kwanza, ndio kinarudi katikati." Akabonyeza mashavu, Phanice akaruka kitini. "Pole. Msuli huu umekaza kama wa mpiga mbio. Asubuhi kichwa hukuuma hapa, kwenye kipaji cha uso?"

"Umejuaje?"

"Na sikio, lakini ukichunguzwa sikio halina kitu?"

"Daktari, nani amekuambia?"

"Taya lako." Akamshikia kioo. "Tazama meno yako ya mbele. Ncha zote zimelala sawa kama zimepigwa randa. Unayasaga. Nani alisema ni minyoo?"

"Kila mtu."

"Kila mtu hajasoma taya."

Alimweleza kwamba mbele ya sikio kuna kiungo, na katikati ya mifupa yake kuna kisahani laini. Kisahani kikiteleza kutoka mahali pake kisha kikirudi, hulia. Kulia peke yake si ugonjwa, watu wengi mataya yao hulia na hawana habari. Tatizo la Phanice ni maumivu, misuli isiyopumzika mchana wala usiku.

"Na magego niliyong'olewa?"

"Pengine hayakuwa na kosa. Maumivu ya taya ni mwongo, hujifanya jino, hujifanya sikio. Unafanya kazi gani?"

"Ninashona."

"Nionyeshe unavyoshona."

Phanice akaonyesha: pini menoni, uzi unakatwa kwa meno, simu chini ya taya.

"Na hiyo simu ni ya muda gani?"

"Saa moja. Siku zingine mbili."

Daktari Katuku akacheka hadi akavua miwani. "Huyo kijana anakupenda, lakini taya lako limemchoka."

Masharti hayakuwa ya kutisha. Pini zikae kwenye kijimto, uzi ukatwe kwa mkasi, simu iwekwe spika. Miwa na mahindi magumu yapumzike kwa muda. Kitambaa cha maji moto shavuni, asubuhi na jioni. Na mchana kutwa ajikumbushe: midomo ikutane, meno yaachane. Kisha meno yake yakachukuliwa umbo, atengenezewe kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

"Hiyo itanifanya niache kusaga?"

"Sikudanganyi. Italinda meno, na maumivu mengi yatapungua. Kusaga kwenyewe huenda kukapungua, huenda kusiishe. Lakini nina swali. Ukilala, unakoroma? Pumzi hukatika? Nani hukusikia?"

Phanice akaugeuzia uso dirisha.

"Mficha maradhi, binti yangu..."

"Kilio humfichua," Phanice akamalizia, na safari hii machozi yakamtoka kweli.

Waliomsikia hivi karibuni walikuwa Hudson na Derrick tu. Akampigia Derrick akiwa bado nje ya zahanati, simu ikiwa kwenye spika, ameishika mbele yake kama kioo.

"Phanice? Phanice, mpenzi, mimi..."

"Jibu maswali tu. Siku ile, nilikoroma?"

"Hapana."

"Pumzi ilikatika?"

"Haikukatika. Ulikuwa unapumua vizuri kabisa. Ile sauti inaanza pole, inapanda, sekunde tatu nne, inanyamaza, halafu inarudi. Nilifikiri ni beringi ya gurudumu la mbele imekufa."

Phanice alibana tabasamu lisiponyoke. "Kwa nini ulicheka?"

Upande wa pili pampu ilizimwa.

"Nilikuwa nimelala kwenye vumbi robo saa nikitafuta ugonjwa wa gari zima. Nilijicheka mimi. Lakini wewe ndio kwanza umeamka, ukakuta wanaume wawili wanacheka. Nilikosea, Phanice. Nisamehe."

"Na minyoo?"

"Hapo nilimsikiza mama. Nilikosea tena."

Basi akamwambia yote: taya, kisahani, magego, na Hillary aliyehama chumba baada ya chumba.

"Ndio maana hutaki wazee waje?"

"Ndio maana."

"Lakini mimi sijali! Nimelala kando ya majenereta miaka sita!"

"Usinilinganishe na jenereta."

"Samahani."

"Na usiniambie hujali. Hata Hillary alisema hajali. Kusema ni rahisi, Derrick. Nikipona kidogo nitakuita."

Wiki sita zikapita. Phanice aliamka asubuhi moja akakaa kitandani akishangaa, hadi akagundua kilichokosekana ni kuumwa kichwa. Kinga yake ya usiku ilikuwa na mikwaruzo mipya. Kusaga kupo, ila sasa kunakula plastiki. Aliporudi kwa Daktari Katuku aliweza kufungua kinywa bila kukunja uso. Taya bado lilisema tak mara mojamoja, na daktari akasema liachwe liseme.

Jumapili iliyofuata alimwita Derrick kibandani baada ya ibada. Sheila alikaa nje mlangoni akisuka utepe, ili watu wasipate la kusema. Derrick alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, akaonyeshwa kiti karibu na mlango.

"Mimi nalala hapa," Phanice alisema, akitandika kitenge kwenye benchi refu la kukatia vitambaa. "Sijavaa ile plastiki. Nimeamka saa kumi alfajiri makusudi ili usingizi unipate. Wewe kaa usikilize. Ukitaka kwenda, nenda, sitakuuliza kitu, na sitakuchukia."

"Phanice, hakuna haja..."

"Haja iko. Nataka kujua leo, nisije nikajua nikiwa na pete."

Akalala, uso kaelekeza ukutani. Alidhani hatapata usingizi kamwe. Alimsikia Derrick akimeza mate, akamsikia Sheila akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kisha hakusikia tena.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limeshuka upande wa pili wa ukuta. Aliogopa kugeuka. Alilala hivyo kwa muda, akihesabu misumari ya bati, akijiambia kwamba kama kiti ni kitupu atainuka, atakunja kitenge, maisha yataendelea. Akageuka.

Derrick alikuwepo. Hakuwa anatabasamu.

"Nimesaga?"

Angeweza kudanganya, na Phanice aliuona uongo ukimjia na kumpita.

"Umesaga. Mara nne."

"Sana?"

"Ya tatu ilikuwa kubwa. Hata Sheila alichungulia."

"Ukafanya nini?"

"Ya kwanza nilishtuka, sikufichi. Ya pili nikafikiria hayo magego yako mawili, nikasikia uchungu. Ya tatu nikasogeza kiti."

"Ukasogeza wapi?"

"Huku."

Ndipo alipoona kwamba mlango uko mbali, na kiti kiko kando ya benchi, karibu kiasi kwamba goti la Derrick lilikuwa limebana ncha ya kitenge. Akaitazama nafasi ile ndogo iliyobaki kati yao kwa muda mrefu. Alifurahi hadi akashindwa kujua afanye nini na mikono yake.

"Waambie wazee wenu waje," alisema. "Na mwambie Mama Penina asiwabebeshe dawa za minyoo."