Dirisha Lisilo na Sakafu

Wavinya alifika Ruiru saa kumi na moja jioni, begi la kamera mgongoni na stendi yake kwapani. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za nyumba. Si harusi, si mahafali, nyumba tu: majengo ya kuuzwa, jikoni zinazong'aa, vitanda ambavyo hakuna aliyewahi kuvilalia. Majirani zake kule Makongeni, Thika, walizoea kumwuliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kupiga picha viti. Yeye aliwajibu kwamba viti havifumbi macho.

Kazi ya siku hiyo alipewa na Jackie, ajenti wa nyumba waliyefanya naye kazi miaka mingi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, nyuma ya mtaa wa Kamakis, mali ya mzee mmoja wa biashara ya mbao aliyeitwa Ndegwa. Ilikuwa imekaa mwaka mzima bila mnunuzi. Jackie alitaka picha za ndani, halafu moja ya nje wakati wa magharibi, taa zote zikiwa zimewashwa. Hiyo ndiyo picha inayouza nyumba. Mbingu inakuwa buluu, madirisha yanakuwa ya manjano, na anayeitazama anatamani kuingia. Lakini mwanga wenyewe haungoji. Ni dakika kumi na tano tu, halafu giza.

Alifunguliwa lango na mama mmoja mtu mzima, Kaveke, aliyekuwa akiitunza nyumba. Kwa lafudhi tu walitambuana kuwa Wakamba wote wawili, na Wavinya akaanza kumwita mwaitu, kama anavyomwita mama yake mwenyewe. Kaveke alimtembeza vyumbani upesi upesi. Mara mbili alimwomba asikawie.

Sebule ndiyo iliyomvutia. Haikuwa na dari yake. Ilipanda moja kwa moja mpaka chini ya paa. Juu kabisa kwenye ukuta wa mbele palikuwa na dirisha kubwa, limening'inia peke yake, na chini yake hakuna kitu ila ukuta mtupu. Chini kidogo ya dirisha hilo, mstari wa simiti ulizunguka kuta zote nne, kama kovu. Wavinya alidhani ni fundi aliyelipua kazi.

Akaisimamisha kamera. Akachungulia. Kwenye kochi jeupe aliona kitu kidogo kinachoharibu picha.

Uzi. Wa kijivu.

Akauokota, akautia mfukoni, akarudi kwenye kamera. Akachungulia tena.

Uzi mwingine.

Safari hii aliuona ukishuka. Ulikuja polepole kutoka juu, ukijipindapinda hewani, ukatua palepale pa ule wa kwanza. Wavinya akainua uso. Juu hapakuwa na kitu. Hewa tu, na lile dirisha.

Ndipo aliposikia sauti.

Tok-tok-tok-tok... Kimya. Tok-tok-tok...

Ulikuwa mlio wa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Haukutoka kwa jirani wala barabarani. Ulitoka juu ya kichwa chake, mahali pasipokuwa na pa kuweka hata kikombe. Kukaja na harufu, mafuta ya mashine na nguo iliyotoka kupigwa pasi ya makaa.

Kaveke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Usiangalie juu," alinong'ona. "Maliza tutoke."

Wavinya alibonyeza mara tano bila kujua anapiga nini, akabeba vitu vyake. Kaveke akapita akiwasha kila swichi, wakatoka hadi ng'ambo ya barabara. Mbingu ilikuwa imeshageuka buluu. Mikono ya Wavinya ilikuwa ya miaka kumi na mmoja ya kazi, ikajifanyia yenyewe. Dirisha la juu lilikuwa jeusi. Aliliona wazi kwa macho yake. Kule juu hakukuwa na hata balbu.

Akabonyeza. Akatazama kioo cha kamera.

Dirisha la juu lilikuwa linawaka.

Ndani yake alikuwa mwanamke, ameketi, ameinamia cherehani, na mikono yake inasukuma kitambaa cha kijivu chini ya sindano. Ameketi kama mtu mwenye sakafu chini yake, katika chumba chake.

Wavinya akainua macho. Dirisha jeusi. Akabonyeza tena.

Katika picha ya pili mwanamke alikuwa ameinua kichwa.

Alikuwa anaitazama kamera.

Kaveke alimweleza palepale kando ya barabara, wakiwa wameipa nyumba mgongo. Mke wa kwanza wa Ndegwa aliitwa Waithira, fundi wa nguo. Zamani sebule ilikuwa na dari, na juu ya dari hiyo palikuwa na chumba chake cha kushonea. Miaka sita iliyopita alianguka kwenye ngazi akafa. Hivyo ndivyo alivyosema Ndegwa, na siku hiyo nyumbani walikuwa wao wawili tu. Alizikwa haraka, kabla mama yake hajafika kutoka safarini.

Baadaye Ndegwa akaoa mke mwingine, Maggie. Asubuhi moja Maggie akakuta gauni la buluu kitandani, linamkaa kana kwamba alipimwa. Alidhani ni zawadi ya mumewe. Mume alidhani amejinunulia. Juma hilohilo Maggie akaenda kwao Kalimoni kuwasalimia wazazi, akalala, asiamke. Gauni alikuwa ameliacha kabatini Ruiru. Walipomfunua asubuhi alikuwa amelivaa.

Ndegwa akamtafuta mganga kutoka mbali. Mganga akamwambia aondoe mahali marehemu anapokalia. Mafundi wakaja, wakaivunja sakafu yote ya chumba kile, wakabeba vifusi kwa lori.

"Sakafu ilitoka," Kaveke alisema. "Yeye hakutoka."

Kesho yake Wavinya aliufuta ule mwanga kwenye kompyuta. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Akamtumia Jackie dirisha safi, jeusi, na Jackie akamsifu. Zile picha mbili za asili alishindwa kuzifuta.

Kaveke hakuweza kunyamaza, akamwambia mwenye nyumba. Baada ya siku tatu Ndegwa mwenyewe alikuja Makongeni, wakakaa kwenye hoteli ndogo ya chai karibu na kwake. Lilikuwa pande la mtu, mabega mapana, lakini shingo imekonda ndani ya kola. Aliomba aone. Wavinya akamfungulia picha, akategemea atautazama uso. Hakuutazama. Alitazama kile kitambaa.

"Anashona nini?"

"Ni kama koti, mzee. La mwanaume."

Ndegwa akainama karibu zaidi. "Mikono ameshaweka?"

Wavinya akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Mmoja."

Mzee akakoroga chai ambayo hakuinywa. Alisema nyumba haitauzwa tena. Yeye alikuwa amehamia kwa dada yake, mtaa wa Landless, na kule Ruiru hawezi kukanyaga. Alimwomba Wavinya kitu kimoja: kila Ijumaa magharibi apige lile dirisha, amweleze koti limefika wapi.

"Koti likiisha uniambie ukweli," alisema. "Kuna watu nafaa niwaambie kitu kabla."

Wavinya alimwuliza kwa nini asiwaambie leo. Ndegwa aliutazama mlango muda mrefu.

"Leo siwezi. Nikijua nimebakiza siku moja, nitaweza."

Wavinya alienda. Hakujua vizuri kwa nini. Labda ni kwa sababu kamera yake ndiyo pekee iliyoona. Ijumaa ya kwanza koti lilikuwa na mikono miwili. Ya pili, kola. Ya tatu mwanamke alikuwa ameacha mashine. Alikuwa na sindano mkononi, anatia vifungo, na katika picha moja alikuwa anakata uzi kwa meno. Kila mara Wavinya alipiga simu akasema alichokiona, na kila mara sauti ya mzee ilizidi kuwa nyembamba.

Ijumaa ya nne alibonyeza, akatazama.

Dirisha linawaka. Kiti kitupu. Cherehani imefunikwa vizuri kwa kitambaa cheupe, kama fundi afanyavyo akifunga kazi.

Simu ikalia kabla hajapiga yeye. Nyuma ya sauti ya Ndegwa kulikuwa na televisheni, na watoto wa dada yake wakicheka. Alimwambia kwamba leo amekula, kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi ameshiba kabisa. Halafu akauliza, polepole.

"Leo je?"

Wavinya alifungua kinywa. Aliwasikia wale watoto.

"Bado, mzee. Bado vifungo."

Akasikia mtu mzima akishusha pumzi, karibu alie.

"Asante, mwanangu. Wacha basi nilale."

Alikuwa amepanga kumwambia asubuhi. Asubuhi alipopiga, simu ilipokelewa na dada yake, na alikuwa analia.

Siku ya mazishi sanduku liliachwa wazi ili watu wamuage. Dada yake alikuwa amepeleka suti nyeusi mochari, ikarudishwa. Wahudumu walisema koti alilokuja nalo vifungo vyake vilikataa kufunguka. Kwa hiyo alilala nalo. La kijivu. Lilimkaa mabegani bila kukunjamana hata mahali pamoja.

Katika foleni alikuwemo bibi kizee mfupi, mwenye mkongojo, ambaye hakuna aliyemwalika. Alikuwa mama yake Waithira. Alipofika kwenye sanduku hakuutazama uso wa maiti. Aliishika kola, akaigeuza, akaupapasa mshono wa ndani kwa kidole gumba.

"Hii kazi ni ya mtoto wangu," alisema, si kwa mtu yeyote.

Kisha akamgeukia Wavinya. Kaveke alikuwa ameshamwambia ni nani aliyeongea na Ndegwa mwisho.

"Alikuambia Waithira alikufaje?"

"Hapana, shosho."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Wavinya alitaka kumweleza kwamba Ndegwa alikuwa aseme. Kwamba alikuwa anangoja neno moja tu kwenye simu, na neno lenyewe alinyimwa kwa huruma. Lakini bibi kizee alitikisa kichwa taratibu, akaegemea mkongojo, akamsogelea mpaka Wavinya akanusa ugoro katika pumzi yake.

"Kama hakusema," alinong'ona, "basi mtoto wangu hajamaliza."

Akasogea kando kuwapisha watu wa nyuma.

Nyumba bado ipo, nyuma ya Kamakis. Jackie amempigia Wavinya mara mbili akitaka picha mpya, na mara zote mbili amesema ana kazi kwingine. Siku hizi hupiga nyumba asubuhi tu. Ijumaa ikifika magharibi hufunga mapazia, akaiweka kamera ndani ya begi na kuvuta zipu. Nguo zake zote kabatini anazijua moja moja, na kila akirudi nyumbani huzihesabu kabla ya kuvua viatu.