Ukuta Uliokataa Picha

Kila jioni, baada ya chakula, Chiriku aliosha vyombo uani, akavipanga juu ya kichanja, kisha akabeba beseni la maji machafu hadi nyuma ya nyumba na kuyamwaga papo hapo, chini ya ukuta. Alijua wazi kuwa shimo la maji machafu lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Lakini njia ya kufika huko ilipita kwenye matope ya bombani, na beseni lilikuwa zito. “Maji ni maji,” alizoea kujiambia. “Yatakauka tu.”

Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia jambo, hata chai ilipoa ikimsubiri amalize. Wiki hiyo, hata hivyo, hakuwa na wa kumsimulia. Mdogo wake, Kibogoyo, aliyeitwa hivyo tangu meno yake ya mbele yalipong'oka, alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa pumu. Mama alikuwa huko akimuuguza. Mama Pacha, jirani yao mfua nguo, ndiye aliyekuwa akiwaletea chakula cha mchana.

Siku moja Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomea mageti, alirudi uso umechangamka. “Kesho kutwa wanaruhusiwa,” alisema.

Chiriku aliruka kwa furaha. Kisha akakitazama chumba walichokuwa wakilala yeye na mdogo wake, na furaha ikapungua. Ukuta wa nyuma, palipokuwa na kitanda cha Kibogoyo, ulikuwa na doa kubwa la kijivu lenye vitone vyeusi. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

“Baba, nataka kukipamba chumba chetu. Kibogoyo akija akikute kinang'aa.”

“Kwa fedha gani, mwanangu? Dawa zimekausha mfuko.”

“Sitaki fedha. Nataka ruhusa tu.”

Baba alicheka. “Hiyo ni ya bure. Chukua.”

Kesho yake, baada ya masomo, Chiriku alipita kwa kinyozi akaomba magazeti na kalenda za zamani. Alikata picha za ndege, za treni na za wanyama. Akakoroga unga kidogo kwa maji, akauchemsha mpaka ukawa gundi nzito. Alianza na picha ya ndege mwenye mkia mrefu, maana Kibogoyo aliwapenda sana ndege. Aliibandika, akaisawazisha kwa kiganja, akarudi nyuma kuitazama. Picha ilijikunja pembeni, ikateleza polepole, ikaanguka sakafuni.

Akaongeza gundi. Ikaanguka tena. Akabandika treni, nayo ikafuata njia ile ile. Akachukua nyundo na misumari, lakini msumari wa kwanza ulipoingia tu, kipande cha plasta kilimeguka kikamwangukia miguuni.

“Una nini wewe ukuta?” alifoka. “Nakupamba, unanikomoa!”

Akaupiga teke. Ukuta haukujibu, ila kidole gumba cha mguu kilijibu kwa uchungu. Chiriku aliketi katikati ya vipande vya karatasi, gundi imemganda mpaka kwenye nywele, akalia kwa hasira.

Alipochoka kulia, alipata wazo. Alitoa shuka la buluu kabatini, akalifunga kwa kamba kutoka pembe moja hadi nyingine, likalifunika doa lote. Akalibandikia zile picha kwa pini. Upepo ulipoanza kulipeperusha, alifunga dirisha. Sasa chumba kilipendeza. Doa? Doa gani?

Siku iliyofuata Kibogoyo aliingia akiwa amemshika Mama mkono. Alifungua kinywa kisicho na meno ya mbele. “Dada! Ndege!” Akapanda kitandani kuzigusa picha moja moja. Mama alimkumbatia Chiriku. “Hongera, mwanangu. Umefanya yote haya peke yako?”

Lakini kabla jua halijatua, Kibogoyo alianza kukohoa. Kikohozi kikaandamana na mlio kifuani, kama wa filimbi. Mama alimtoa nje mbio, akampa dawa yake ya kuvuta, akamsugua mgongo hadi pumzi ikarudi. Kisha akarudi chumbani, akanusa. Akavuta shuka.

Ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi.

“Chiriku! Daktari ametuonya: mtoto huyu asilale kabisa penye unyevu wala ukungu. Hukuuona?”

“Niliona doa tu, Mama. Nilidhani nikilifunika basi.” Kazi yote ile, na sasa lawama!

Baba alizunguka nyuma ya nyumba. Wakamsikia akiguna. “Mvua hakuna, lakini udongo huku umelowa chapachapa! Ni Mama Pacha huyu na maji yake ya kufulia. Leo atanitambua!” Akakunja mikono ya shati, akaelekea kwa jirani.

Mama Pacha alikuwa akianika nguo. Alipomwona akaachia tabasamu. “Karibu, baba! Kijana wetu amerudi?”

Chiriku alikuwa amemfuata Baba mbio hadi uani kwa jirani. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini alikumbuka chakula alicholetewa na mama huyu wiki nzima.

“Baba, ngoja!” alipiga kelele. “Maji ni yangu! Ni ya vyombo. Mimi ndiye ninayeyamwaga hapo.”

Baba alisimama, mguu mmoja mbele. “Tangu lini?”

“Muda mrefu. Shimoni ni mbali, Baba.”

Baba alimtazama kwa hasira, kisha akaishusha mikono ya shati. “Nusura nimvunjie heshima jirani yangu bure,” alisema. “Kesho utashika jembe.”

Akalishika kweli. Walichimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na nyumba. Walikwangua plasta iliyooza, wakausugua ukuta kwa sabuni na dawa ya kuua ukungu, huku Kibogoyo akikaa kwa Mama Pacha. Usiku alilala chumbani kwa wazazi. Kisha wakangoja ukuta ukauke, na kungoja huko kulimkera Chiriku kuliko jembe. Kila alipotoka shuleni aliugusa.

“Tayari, Baba?”

“Bado.”

Na kila jioni alivuka matope na beseni lake. Mara moja aliteleza akaoga yale maji yote, na hakuna aliyemwonea huruma.

Hatimaye ukuta ulikauka. Baba aliuziba, wakaupaka chokaa. Chiriku alichuja udongo mwekundu, akauchanganya na chokaa kidogo na maji. Akakata kiazi nusu, akakichonga umbo la ndege, akakichovya na kukigonga ukutani. Ndege mmoja, wawili, kundi zima. Kibogoyo naye alipewa zamu, na ndege wake wakaruka miguu juu. Dirisha lilibaki wazi, na Mama Pacha akaleta kitambaa chepesi cha pazia.

Mama alisimama mlangoni akitazama. Kibogoyo alikuwa akirukaruka kitandani, na kifua chake kilikuwa kimya.

“Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema Mama. “Na ukuta ni vivyo hivyo. Pambo la kwanza la nyumba ni usafi na hewa safi, wala haliuzwi dukani. Lakini lile neno ulilomwambia baba yako pale uani, mwanangu, lilikuwa zito kuliko beseni. Kama ungelificha na hilo, mpaka leo tungekuwa tunabandika picha juu ya ukungu, na tumekosana na jirani mwema.”

Chiriku alichukua kiazi, akamgongea Mama ndege mmoja juu ya mlango.