Kijiti cha Ukingoni

Kila jioni walipopiga kambi kando ya mto, shangazi alifunga mtumbwi, mgeni alisimamisha mahema, na Chiriku alichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi kijiti kiliwapa habari: kikibaki pakavu, maji yamepungua; kikizama, mvua imenyesha huko juu, hata kama kambini hakujadondoka tone.

Shangazi aliishi kwa kuwapeleka wageni msituni kwa mtumbwi. Likizo hii alimchukua mpwa wake Chiriku shingo upande, akamwonya kwamba akizembea, hatapanda tena.

Asubuhi moja yenye ukungu Chiriku alikwenda kuangalia, asikione kijiti. Alipapasa majini mpaka akakigusa, maji yakimfika kwenye kiwiko. Usiku kucha hakukunyesha, na jana alikichomeka haraka haraka awahi chakula. Hakukumbuka mvua ya huko juu, akaamini amekosea mahali, na kwamba atasemwa mbele ya mgeni. Basi akaking'oa, akakichomeka upya ukingoni.

"Maji yako vilevile," akasema.

Shangazi alikuja kuchungulia, akaridhika. Alimweleza mgeni kwamba mto ukipanda huwa hawaondoki, maana mbele kuna njia nyembamba kati ya miamba. Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Wakapakia.

Kwenye miamba mto ulikuwa ukinguruma. Mkondo uliukamata mtumbwi ubavuni, shangazi akanyoosha mkono kuukinga, mkono ukabanwa kati ya mbao na jiwe. Chiriku aliusikia mfupa ukivunjika. Mtumbwi ukapinduka. Mgeni aliwavuta mmoja mmoja hadi kwenye mizizi ya mti, huku chakula na makasia vikienda na maji.

Walitembea kutwa nzima, njaa ikiwauma, mpaka zahanati ya kwanza. Tabibu aliufunga mkono, kisha akasema bila kuzunguka kwamba hautashika kasia tena. Shangazi akageukia ukutani.

Mgeni alianza kuomba radhi. Alisema yeye ndiye aliyekuwa na haraka ya kuondoka kambini, na hatajisamehe. Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Si wewe," alisema. "Kijiti kilizama. Nilikihamisha mimi. Niliogopa kusemwa kwamba sikukichomeka vizuri."

Shangazi alimgeukia, machozi yakimtoka.

"Jana jioni nilipita nikakiona," alisema. "Ulikichomeka sawasawa, mwanangu. Hukuwa umekosea chochote."

Chiriku aliinamisha kichwa, akalia kwa kwikwi.

"Na hata ungekosea, ningekugombeza, tukanywa chai, yakaisha. Kosa linarekebishwa likisemwa. Ukilificha, wengine wanaingia hatarini wakidhani wako salama." Alimfuta machozi kwa mkono uliobaki mzima. "Leo umesema mbele ya watu. Umechelewa, lakini umesema. Usichelewe tena."