Swali la Kung'olea Ndoana

"Usigeuke, mama. Tulia hapo hapo."

"Nimechomwa na nini?"

"Ndoana. Imeingia begani, kwa nyuma."

Mama alitulia, miguu ndani ya maji ya ukingoni. Birika la chai lilikuwa bado mkononi, na hakumwaga hata tone. Pembeni yake, maji yakimfika magotini, daktari wa meno mstaafu alikuwa amesimama na ufito wa kuvulia, uso umemshuka kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha darasa.

"Nisamehe, mama. Nilirusha mshipi bila kutazama nyuma."

"Si kosa lako, Daktari. Mimi ndiye niliyepita. Miaka kumi na moja naishi na mvuvi, bado napita nyuma ya mtu anayerusha."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, na kweli alikuwa amechoka. Ndege ndogo inayotua majini ndiyo iliyowaleta siku tano zilizopita, kwenye mto usio na barabara wala jirani. Leo saa nane mchana ingerudi kumchukua Daktari na kuleta wageni wengine. Mama naye angepanda. Mfuko wake alishaufunga tangu alfajiri, aende mjini kwa dada yake, na safari hii hakukusudia kurudi. Hakuwa amemwambia mumewe.

Mumewe ndiye huyu aliyeinama nyuma ya bega lake. Wageni walimwita Kapteni, na mkewe walimwita Mama. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza watu wanaokuja kuvua kwa ndoana zilizofungwa manyoya zikafanana na wadudu. Samaki akinaswa anapigwa picha, anarudishwa majini. Akiwa na wageni, Kapteni mwenyewe havui. Anasimama karibu na mgeni, anamwongoza kwa maneno, na maneno anayo.

"Taratibu, mzee wangu. Ukikosa, mto haujaenda popote. Tutajaribu tena, mimi na wewe."

Siku tano Mama alikuwa akiyasikia hayo huku anasugua masufuria, roho inamuuma. Kwa wageni, mumewe alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kwake alikuwa domo zege: chai iko wapi, turubai limelowa, lala salama. Msimu ukiisha alirudi nyumbani, akalala wiki nzima, kisha akaanza kufungasha tena.

"Kijino hakijabanwa," Kapteni alisema.

"Kijino gani?"

"Cha ncha ya ndoana, kinachoizuia isichomoke. Kila asubuhi navibana vyote kwa koleo ili zichomoke kirahisi. Leo nimesahau."

"Wewe?" Daktari alishangaa. "Jana ulinihubiria nusu saa juu ya vijino."

"Leo nimesahau, Daktari."

Alipitisha uzi kwenye mkunjo wa ndoana, akaikandamiza kwa kidole gumba. Mama aliijua hiyo kazi, alishamwona akiifanya kwa wageni mara nyingi. Humuuliza mgeni swali la kumfikirisha, wewe na mkeo mlikutana wapi, kwa mfano. Mgeni akifungua tu mdomo kujibu, uzi unavutwa, ndoana nje. Mtu anashtuka maumivu yameshapita.

"Niulize basi, tumalize," Mama alisema.

Daktari alimpokea birika. Kapteni aliuzungusha uzi kiganjani.

"Unaondoka moja kwa moja?"

Mama aliisahau ndoana.

"Nani kakwambia?"

"Dada yako. Alikutumia ujumbe kwenye simu ya setilaiti juzi."

Simu ilikuwa moja tu kambini, na ilikaa mfukoni mwa Kapteni. Hakuhitaji kuitoa. Ujumbe alishaukariri.

"'Chumba kiko tayari. Safari hii usimwonee huruma. Akikuuliza, mwambie umechoka.'"

"Tangu juzi unajua, na hukusema neno."

"Nimekuuliza sasa. Jibu."

Mama alijua akifungua mdomo uzi utavutwa. Alijikaza, akafungua.

"Ndiyo. Naondoka moja kwa moja."

Uzi haukuvutwa. Akaendelea, maana sasa mlango ulishafunguka.

"Mimba ya miezi sita ilipoharibika mwaka juzi, nikiwa nyumbani peke yangu, ulinipigia kwa hiyo hiyo simu. Ukasema pole, halafu ukasema kuna mgeni anakusubiri. Nikasema sawa, ni kazi. Jana Daktari kapoteza samaki mmoja, ukakaa naye kwenye jiwe saa nzima unambembeleza. Nilikuwa nawatazama. Nikajiuliza, hivi huyu mwanaume ni yupi?"

Daktari alitazama ndani ya birika, ingawa hakukuwa na cha kutazama.

"Mgeni nikimkosea neno, ndege inamchukua," Kapteni alisema polepole. "Hatuonani tena. Wewe nikikukosea neno, naishi nalo. Siku ile nilikata simu nikaenda kulia nyuma ya hema. Sikuweza kukupigia tena. Niliogopa utaniuliza kwa nini sikuja."

"Kwa nini hukuja?"

"Ndege ilikuwepo. Rubani aliniambia panda, nikasema nina kazi. Nilikuwa nakuogopa wewe, mke wangu. Nilikuogopa ukiwa unalia."

Mto uliendelea na kelele zake. Mama alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka miwili, na sasa yamekuja, yeye ana ndoana begani na miguu imekufa ganzi kwa baridi.

"Kapteni," Daktari alikohoa, "mimi nimeng'oa meno miaka thelathini na nane kwa mbinu hiyo hiyo. Ukishauliza, unavuta. Husubiri jibu."

"Najua."

"Sasa mbona hukuvuta?"

"Nilitaka kulisikia."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, na hapo ndipo Kapteni akavuta. Ndoana ilitoka na tone moja la damu.

Saa nane ndege ilitua. Walishuka wageni wawili na kiongozi mwenzake Kapteni, aliyekuja kufanya naye kazi. Rubani alitoa mizani yake, akaanza kupima mizigo. Akauona mfuko wa Kapteni umelala juu ya ule wa Mama.

"Na wewe unakwenda?"

"Nakwenda."

"Msimu bado wiki sita," mwenzake alisema. "Wageni unamwachia nani?"

"Nawe ni kiongozi. Mto unaujua."

Mama alimtazama mumewe. Macho ya Kapteni yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sijakuambia uje."

"Hujaniambia."

"Nakwenda kwa dada yangu. Sikuahidi kwamba tutarudi pamoja."

"Sijaomba ahadi. Dada yako akinifukuza, nitakaa nje ya geti."

"Atakufukuza."

"Anayo haki."

Rubani aliguna. "Uzito umezidi kwa kilo kumi na mbili. Kitu kimoja kibaki."

Hakukuwa na mjadala. Kapteni alishusha kasha la fito zake na masanduku ya ndoana alizofunga mwenyewe kwa miaka yote ile, akampa mwenzake. Daktari alikwenda kukaa mbele na rubani kabla hajaambiwa.

Ndege ilipaa. Mto ukabaki chini, mwembamba. Mama alifunga macho. Alijua kilichomchosha hakiishi kwa siku moja, na hakuwa na nguvu ya kujidanganya.

"Naomba kukuuliza," Kapteni alisema. "Sikuwahi kuuliza."

"Uliza."

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mama alifumbua macho. Alimtazama mumewe, na safari hii mumewe hakutazama pembeni.

"Wa kike. Nilimpa jina."

"Niambie."

Injini ilikuwa inanguruma. Mama akamsogelea mpaka sikioni, akamwambia.