Makochi ya Waziri

Jirani zangu, kaeni, ila kwanza jiulizeni kama kiti mnachokalia kimeshalipiwa. Nina habari ya nyumba moja, na mimi huwa sisahau.

Asubuhi ile fundi makochi alikuwa akigongomea misumari, na mkewe akishona foronya za mito kwa cherehani aliyoinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa. Redio ilikuwa ikiongea. Mtaa mzima ulimwita yule mume Waziri, kwa jinsi alivyopenda habari za uchumi. Basi redio ikasema mikopo ya wananchi imepanda, na wataalamu wanaona ni dalili ya uchumi wenye afya.

Waziri akaweka nyundo chini. "Umesikia, mama watoto? Watu wana hela."

"Nimesikia wana madeni."

"Hakuna anayemkopesha asiye na kitu. Mtu akikopa ana uhakika na kesho yake. Na mwenye uhakika hataki kukalia kiti cha plastiki."

Mkewe akakata uzi kwa meno. Yeye ndiye aliyekuwa akienda dukani, na alikuwa amemwona mke wa dereva akikopa kwa simu palepale mbele ya muuzaji, apate unga na sabuni. Mkopo ule nao umo kwenye hesabu ya redio. Wewe unayenisikiliza, kuna mtaalamu aliyewahi kukuuliza umekopa ili ufanye nini? Mimi bado nasubiri simu yake.

Tangu hapo mke akaingiwa na wasiwasi. Waziri alipiga mluzi ovyo, na simu alizipokelea nje. Akaja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akasifu makochi, lakini macho yake hayakubanduka kwenye cherehani.

"Huyu ni mteja?" mke akauliza.

"Rafiki tu," Waziri akasema.

"Rafiki gani anayeandika namba ya mashine yangu?"

"Nashangaa ubora wake, shemeji," yule bwana akajibu. "Siku hizi hazitengenezwi hivi."

"Basi usiizoee."

Mbao zikaja, sponji zikaja, vitambaa vikaja. Makochi yakajaa mpaka mtu aliingia ndani kwa ubavu. Redio ikatangaza mikopo imepanda tena, na Waziri akachekelea. Hakujua kwamba safari hii alikuwa akishangilia deni lake mwenyewe.

Na watu walikuja kweli. Wa kwanza walikuwa dereva na mkewe, wamebeba kochi lao kichwani.

"Waziri, utatupa ngapi? Hili ulilitengeneza wewe, unalijua," dereva akasema.

"Mimi nauza, ndugu yangu. Sinunui."

"Basi tuuzie. Mikopo ya simu imetukaba koo."

Nyuma yao alikuwa fundi bomba, naye ana kochi lake.

Mke akaacha kushona. "Baba watoto, usinizungushe. Mbao zile ulizipata kwa hela gani?"

"Nilikopa."

"Ukaweka nini rehani?"

Waziri akaitazama cherehani.

"Hata kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kumbe jibu ulikuwa nalo."

Siku ya kulipa ilipopita, yule mwenye viatu vya kung'aa alirudi na wabebaji wawili. Safari hii neno shemeji lilimpotea. Waziri akataka kumpa makochi yote badala ya mashine. Yule bwana akakataa, akasema makochi yamejaa kila ghala. Wakaibeba cherehani na foronya ambayo haijamalizika ikining'inia.

Leo yule mama anashona kwenye karakana ya mtu, kwa kibarua. Waziri anabomoa makochi, auze mbao. Wanalala nyumba moja, lakini mke haamini hata salamu yake.

Funzo

Joto la mgonjwa nalo hupanda, wala hatumpongezi. Ukiambiwa mikopo imepanda, uliza imenunua nini, na nani anayeshangilia. Wanaohesabu madeni yetu na kuyaita afya hawatakuja kukusaidia kulipa. Na kitu cha mwenzako usikiweke rehani kwa maneno ya redio. Siku ya kukichukua, wataalamu hawatakuwepo mlangoni. Utakuwepo wewe, na mwenye kitu akikutazama.