Dumu Lililobaki Ilemela

Rejeta ya gari ilianza kuvuja saa nane mchana, ziwa likiwa limeshaonekana chini ya mlima wa volkano. Nathaniel akamimina humo maji yote ya kunywa, isipokuwa chupa moja ndogo aliyoing'ang'ania dada yake.

"Nathaniel, hayo ndiyo tuliyonayo," Paskazia alimwambia.

"Dada, ziwa lile pale. Tutakunywa mpaka tuoge."

Ndivyo alivyosema juzi pia, nyumbani Ilemela, alipoteremsha dumu la lita ishirini ili hema na jiko la kuchomea nyama vipate nafasi. Mtu anakwenda kupiga kambi ziwani, maji ya kubeba ya nini? Paskazia, aliyemlea tangu darasa la pili, alinyamaza. Naye alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, hakuwahi kuona ziwa ambalo maji yake hayanyweki. Kwa kunyamaza huko alikuja kujichukia baadaye.

Nathaniel akaendesha mpaka ukingoni, kama afanyavyo Mwanza akienda kuosha gari. Ukoko mweupe ukapasuka, magurudumu ya mbele yakazama kwenye tope jeusi. Akashuka, akachota, akagugumia kikombe kizima kabla ulimi haujajua ni nini.

"Magadi," alisema, akikohoa.

Mpaka jua linazama alikuwa ametapika mara sita. Asubuhi hakuweza kusimama, na simu zote mbili hazikuwa na mtandao. Paskazia alimlaza kwenye kivuli cha gari, akamwekea ile chupa mkononi.

"Kunywa kidogo kidogo. Nikirudi nikute umemaliza."

Aliondoka na dumu tupu la mafuta ya kupikia, na hasira tele. Njiani alipanga maneno ya kumwambia mdogo wake akipona, akayaona mapole mno, akayapanga upya. Jivu jeusi la ardhi ile lilichoma kupitia malapa. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa mzito, na bado hakuona hata tone.

Saa nne akakuta nyayo za punda, nyingine zikielekea kushoto, nyingine kulia. Utotoni alichunga ng'ombe Magu, kwa hiyo alipiga magoti akatazama. Zilizokwenda kushoto zilizama zaidi, na pembeni yake palikuwa na vitundu vidogo vya matone yaliyodondoka mchangani. Hao walikuwa wamebeba maji. Basi maji yako walikotoka. Akashika kulia.

Kijito kilitoka kwenye ufa wa mwamba. Wanawake watatu wa Kimaasai walikuwa wakijaza madumu. Paskazia alikunywa kwanza, ndipo akakumbuka adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi na jua hili?"

"Ziwani. Mdogo wangu amekunywa maji ya kule."

"Yale hata punda wetu hawanywi," alisema yule mama, huku akimfunga punda madumu mawili ili waondoke.

Walimkuta Nathaniel macho yameingia ndani, anahema kwa shida. Paskazia alipomwinua kichwa akaiona chupa chini ya shati lake, imejaa vilevile.

"Mbona hujanywa?"

"Uliondoka bila maji, dada."

Maneno yote aliyoyapanga yakampotea, na hilo likamuudhi kuliko kuzama kwa gari. Akalia kwa hasira huku akimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kimoja baada ya kingine, mpaka Nathaniel akaacha kuhema. Jioni wanaume wa boma la wale wanawake walikuja kulivuta gari kwa kamba, wakaziba rejeta kwa kipande cha sabuni.

Mwezi uliofuata walikuwa na harusi ng'ambo ya Ziwa Victoria, wakapanda kivuko cha kwenda Kamanga, safari ya nusu saa, maji ya kunyweka pande zote. Nathaniel alikuja na dumu la lita ishirini, limejaa. Abiria wakamcheka. Paskazia hakucheka. Alishika upande wa pili wa mkono wa dumu, wakalipandisha pamoja.