Adapta Nyeusi ya Mama Vifungo

Kila Ijumaa jioni Mama Vifungo alichaji betri. Hakuwa na kazi nayo. Betri ilikuwa ya mashine ya kufungulia nati, na mashine ilikuwa ya marehemu mumewe, fundi wa matairi. Enzi za uhai wake mzee hakulala Ijumaa bila kuichaji. Alipoondoka, mkewe akaendelea. Taa nyekundu iliwaka kwenye chaja, naye akakaa karibu akishona vifungo vya nguo za watu. Taa ikigeuka kijani, alisema, "Imejaa," ingawa hapakuwa na wa kumjibu.

Nyumba ilikuwa kimya. Cherehani ikinyamaza, ungesikia bomba la jikoni likidondosha maji. Baada ya msiba majirani walikuja, wakaja tena. Kila walipomjulia hali aliwajibu palepale mlangoni, "Nipo, namshukuru Mungu," kisha mlango ukarudi polepole. Hakuwa na kinyongo na mtu. Hakujua tu la kusema baada ya hapo. Mwishowe nyayo za watu zikapungua uani.

Kisha dada yake mkubwa akapatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala. Hospitali walipokubali arudi nyumbani, ilikuwa kwa kiti cha magurudumu. Mwana wa dada akapiga simu.

"Mama mdogo, mama anataka kuja kukaa kwako. Anasema huko atapata mtu wa kugombana naye. Lakini pale mlangoni kwako pana ngazi. Jumapili nikikuta ziko vilevile, itabidi nimchukue kwangu."

Kwake ilikuwa mbali, safari ya kulala njiani. Mama Vifungo alijua kwamba dada akienda huko, wataonana kwa simu tu. Akajibu kwamba ngazi zitafunikwa.

Seremala akaja, akapima, akakata mbao za mteremko, akazitoboa matundu ya skrubu. Kesho yake mgongo ukamkaza, hata kuinama hakuweza. Alituma salamu kwamba skrubu ziko kwenye mfuko, naye atamalizia wiki inayofuata. Wiki inayofuata ilikuwa ni kuchelewa.

Mama Vifungo akachukua bisibisi ya mkono. Mbao zilikuwa ngumu na skrubu ndefu. Hadi adhuhuri skrubu moja ilikuwa imezama nusu, na kiganja kimeota lengelenge. Akaitazama mashine ya mumewe juu ya kabati.

Mashine ile ilikuwa na kichwa cha mraba, cha kuvalia soketi, vile vikombe vya chuma vya kukamata nati. Biti aliyoikuta mfukoni pamoja na skrubu, yaani kichuma kidogo chenye ncha ya bisibisi, ilikuwa na mkia mwembamba wa pembe sita. Havikukutana. Akapekua sanduku la spana, akapata soketi ndogo ya kung'aa iliyoingia kwenye mraba. Biti ikapwaya ndani yake.

Lakini mshonaji hashindwi na kitu kinachopwaya. Alikata kipande cha jinzi, akauzungushia mkia wa biti, akakishona kikabana kama mkono wa shati. Akakishindilia ndani ya soketi. Kikakaa.

Skrubu ya kwanza ilizama vizuri. Mama Vifungo akatabasamu peke yake. Kwenye ya pili mashine ikapiga mapigo yake, ta-ta-ta-ta, harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda, na mara soketi ikapasuka. Biti ilichomoka, ikapita karibu na shavu lake, ikagonga beseni lililoegemezwa ukutani.

Alikaa kwenye ngazi. Beseni lilikuwa limetoboka. Alifikiria jicho lake, kisha akafikiria Jumapili.

"Mama," sauti ikasema ng'ambo ya ua. Ilikuwa ya Mama Pacha, jirani, fundi wa mabasi. Bado alikuwa amevaa ovaroli yenye mafuta. "Nimesikia ile mashine." Akasita kidogo. "Kwa muda nilidhani mzee yupo."

Mama Vifungo alikuwa na jibu lake la siku zote mdomoni. Safari hii halikutoka.

"Hata mimi," alisema.

Akaenda kufungua geti.

Mama Pacha aliokota soketi iliyopasuka, akaona kitambaa kilichoungua, akakaza uso ili asicheke. Akashindwa. Alisema ameona mashine za kila namna gereji, lakini iliyovalishwa suruali hajaiona. Mama Vifungo naye akacheka, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. Ilikuwa kama kufungua kabati la siku nyingi.

Kisha Mama Pacha akachomoa betri kwanza. Alisema hilo ndilo la kufanya kabla ya kubadilisha chochote kichwani mwa mashine, kwa sababu kidole kikigusa kitufe bahati mbaya, mkono ndio unaoumia. Halafu akaeleza.

"Mashine hii haizungushi tu, mama. Inazungusha huku inapiga. Ni kama ina nyundo ndogo tumboni. Soketi hii ya kung'aa ni ya spana ya mkono, haikutengenezwa kupigwa. Ndiyo maana imepasuka."

Mama Vifungo alifikiri. "Kama kushonea jinzi kwa sindano ya hariri."

"Umenimalizia maneno. Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Kinachotakiwa, alisema Mama Pacha, ni adapta ya kushikia biti. Upande mmoja ina tundu la mraba la kuvaa kichwa cha mashine. Upande wa pili ina tundu la pembe sita la kupokea mkia wa biti. Alipima kichwa cha mashine kwa rula: nusu inchi. Mkia wa biti ulikuwa robo inchi. Adapta lazima ilingane na vyote viwili bila kujazwa kitambaa, karatasi wala utepe. Iwe imetengenezwa kwa mashine za kupiga, na biti yenyewe vilevile. Nyingi huwa nyeusi, lakini rangi isikudanganye. Soma maandishi yake au uliza. Iwe na kola, pete ya kuvutwa inayofunga biti isichomoke. Na iwe fupi, maana ndefu huyumba.

"Ningekwenda nawe kesho," alisema, "lakini naingia kazini alfajiri. Beba mashine yenyewe, betri uiache nyumbani. Mkubali mwenye duka akishakuonyesha inavyokaa."

Asubuhi Mama Vifungo alitia mashine kwenye mkoba wa nguo, chini ya vitambaa. Dukani aliwaacha wengine wahudumiwe kwanza mpaka kaunta ikabaki tupu. Alipoitoa mashine, yenye umbo kama bastola, mwenye duka alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, tuko salama? Usije ukawa umekuja kutupora."

Alitaka kurudi nyumbani. Lakini alikumbuka ngazi, akaeleza shida yake kwa sauti ndogo. Mwenye duka akaleta adapta nzuri inayong'aa, akaisifia. Mama Vifungo akauliza kama ni ya mashine ya kupiga. Haikuwa. Ikaja nyeusi, hiyo mraba wake ulikuwa mdogo, haukuingia. Ikaja nyingine nyeusi, ya nusu inchi kwa robo inchi, yenye maandishi kwamba inahimili mapigo. Aliisukuma kwenye kichwa cha mashine mpaka ikakwama. Akavuta kola, akaingiza biti mpya ya kuhimili mapigo, akaachia kola. Kisha akaivuta biti kwa vidole, kwa nguvu.

"Ikitoka hapa mkononi mwangu, kwenye mbao itaruka," alisema.

"Umekuja kununua au kunisahihishia mtihani?" aliuliza mwenye duka. Lakini alikuwa anacheka, na aliongeza mwenyewe kwamba asisahau miwani ya kukinga macho. Akanunua na hiyo.

Jioni Mama Pacha alipotoka kazini alikuta mbao zimepangwa tayari. Hakuigusa mashine. Alipiga magoti akashika mbao, akasema fundi ni mwenye mashine. Mama Vifungo akavaa miwani na kuweka kasi ndogo kabisa, kwani nguvu inayotosha nati ya gurudumu la gari inaweza kukata skrubu. Alibonyeza kidogo, akaachia, akabonyeza, akaachia. Kichwa cha skrubu kilipolingana na mbao, alisimama.

Biti haikuruka. Kila baada ya mbao kadhaa aliitazama adapta kama ina ufa. Haikuwa nao. Kulipoanza kuwa giza Mama Pacha alikaribishwa ndani, akaketi, na mlango ukaachwa wazi.

Jumapili gari likasimama nje. Mwana wa dada alishuka, akauona mteremko, akatembea juu yake, akaruka mara moja kwa miguu yote miwili. Ulinyamaza kama ardhi. Alimweka mama yake kwenye kiti, akakisukuma, magurudumu yakapita juu ya skrubu zote mpaka sebuleni. Hakuna iliyokwaruza.

Kijana alipoaga na gari kuondoka, kimya cha zamani kilirudi. Bomba lilidondosha maji jikoni. Mama Vifungo alichomeka betri, ingawa haikuwa Ijumaa, akavuta kitambaa chake. Alijikuta anasubiri taa kama siku zote, macho chini.

Dada alikuwa akiitazama chaja. Ulimi wake bado ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja.

"Kijani," alisema. "Imejaa."

Mama Vifungo aliiweka sindano chini.

"Ndiyo, dada," alijibu. "Imejaa."